Mfalme na sahihi ya pili

Kila bei ya kasiterite, mawe yetu ya bati, inapoanguka, na kila mvua inapoikata barabara ya Kindu, maneno yaleyale husikika Kalima: nchi hii imekosa mtu mmoja mwenye mkono mzito. Wengine humwita mfalme waziwazi. Wanasema Mwafrika tangu zamani aliongozwa na mtu mmoja, kijiji hakina vichwa viwili, na taabu zetu zilianza siku tulipoanza kuiga kura na mabaraza ya watu wasiokwisha kubishana. Wanaosema hivyo si wajinga. Njaa inayowasukuma ni ya kweli, na wamechoka kuahidiwa. Ila wanayasema hayo katika teritwari ya Pangi, jimboni Maniema, juu ya udongo wa Warega, na historia ya udongo huo inawakanusha.

Warega hawakuwa na mfalme. Kutoka Pangi na Kalima hadi Shabunda na Mwenga, vizazi kwa vizazi viliishi katika msitu ule mpana bila kiti cha enzi, bila ikulu, bila jeshi la mtu mmoja. Wala haikuwa fujo. Kulikuwa na koo na wazee wa koo, na kilichoziunganisha koo hizo ni bwami.

Bwami kilikuwa chama cha ngazi. Mwanamume aliingia chini, kongabulumbu, kisha akapanda polepole: kansilembo, ngandu, yananio, na wachache sana wakafika kindi, ambako nako kulikuwa na madaraja yake. Mpangilio ulitofautiana kidogo kati ya eneo na eneo. Wanawake walikuwa na ngazi zao, kuanzia bombwa hadi bunyamwa, na mwanamume hakufika juu peke yake, maana mkewe alipanda pamoja naye. Hivyo bami, yaani wenye cheo hicho, walikuwa wengi katika nchi moja, wanaume kwa wanawake, kila ukoo na wake.

Hakuna aliyezaliwa kindi. Kuwa na baba mwenye cheo kulisaidia, maana nyumba ya namna hiyo haikukosa watu wa kumfundisha kijana na kumchangia, lakini hakukutosha. Kijana alipaswa kuwa ametahiriwa katika bwali. Alihitaji mlezi wa kumwongoza, ndugu wa kusimama nyuma yake, na mali: mikufu ya musanga, mbuzi, chumvi, mafuta, nyama ya mwituni. Juu ya hayo yote alihitaji tabia. Mgomvi, mwenye majivuno, mwepesi wa kumkimbilia mke wa mwenzake, huyo aliambiwa angoje, hata kama nyumba yake ilijaa mali. Na waliomwambia angoje hawakuwa wa nyumbani kwake peke yao. Bami wa koo nyingine walikuja, wakaketi, wakaangalia, wakapokea. Bila wao hapakuwa na sherehe, na bila sherehe hapakuwa na cheo.

Tutazame mali ile ilienda wapi. Haikurundikwa. Iligawanywa kwa waliohudhuria, kwa utaratibu unaojulikana, na aliyepandishwa alirudi nyumbani na heshima kubwa na ghala jepesi. Kakakuona, ambaye Warega wanasema ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba kwa namna magamba yake yanavyolaliana, hakuliwa ovyo. Mwindaji aliyemuua hakumpeleka jikoni kwake. Ilibidi mnyama afikishwe kwa bami, nyama igawanywe sehemu kwa sehemu, kila sehemu kwa mwenye haki yake, na kukosea mgawanyo huo kulikuwa kosa zito. Watu waliokuwa wakali kiasi hicho juu ya mgawanyo wa mnyama mmoja mdogo walikuwa wanajifunza jambo kubwa juu ya utawala.

Masomo yenyewe yalifanyika kwa ngoma, kwa wimbo na kwa vitu. Mdomo wa ndege, gamba la kakakuona, fuvu la mnyama, sanamu ndogo ya mti au ya pembe ya ndovu: kila kimoja kilitolewa mfukoni, kikachezwa, kikaimbiwa methali, na methali zenyewe ni maelfu. Daniel Biebuyck, mtaalamu wa Kibelgiji aliyeruhusiwa kuhudhuria sherehe hizo mwanzoni mwa miaka ya 1950, alitumia miaka mingi kuandika aliyoyasikia, na kitabu chake kikubwa juu ya Warega kilitoka mwaka 1973. Miongoni mwa sanamu hizo kuna Sakimatwematwe, mtu mwenye vichwa vingi, nyuso zikitazama kila upande. Ndiye mfano wa mzee anayeona jambo kutoka pande zake zote kabla ya kukata shauri. Watu wanaosema kijiji cha Kiafrika hakina vichwa viwili waende wakamtazame.

Aliyefika kindi hakupewa askari. Hakupewa gereza. Alipewa kofia yenye mkia wa tembo, mkufu wa meno ya chui, na wajibu wa kutogombana. Nguvu yake ilikuwa neno lake mbele ya watu, na neno hilo liliendelea kusikilizwa maadamu mwenendo wake uliliruhusu lisikilizwe.

Sitaki kuupaka asali ukale huu. Bwami kilikuwa ghali. Ndugu wa mtahiniwa walikamuliwa, vijana wakasubiri mahari huku mbuzi wakienda kwenye sherehe, na mtu asiye na jamaa wengi alibaki chini hata kama alikuwa na hekima ya kutosha kuongoza bonde zima. Mwanamke alipanda kwa njia ya ndoa. Waliokuwa nje ya chama walijua wako nje. Mtu anayetaka kuirudisha jana yote kama ilivyokuwa atakuwa ananunua na magonjwa yake.

Lakini ninachodai hakihitaji jana nzima. Nadai kwamba swali la nani akae kwenye kiti, mmoja au wengi, mrithi au mteule, ni dogo kuliko swali la nani mwingine lazima akubali kabla neno la mwenye kiti halijawa amri. Huyo wa pili naye lazima awe mtu ambaye mwenye kiti hawezi kumfukuza. Bwami kilijibu swali hilo bila kuwa na kiti chochote. Baada yake Maniema imeletewa viti vingi, na karibu vyote vilikuja bila mtu wa pili.

Si kwamba wafalme ni jambo geni upande wetu wa Kongo. Bashi wa Kabare na Ngweshe wana mwami wao hadi leo. Rwanda ilikuwa na mwami hadi 1961, Burundi hadi 1966. Hata hivyo, kwa jirani zetu Wanyanga wa Walikale, wanaowajua wafalme, hadithi yao kubwa kuliko zote ni ya kumfunza mfalme adabu. Shemwindo, mfalme wa Tubondo, anapiga marufuku wake zake wasizae mtoto wa kiume, maana anataka mabinti na mahari yao. Mwindo anazaliwa hivyohivyo, anatupwa mtoni ndani ya ngoma, anarudi na kumshinda baba yake, na ufalme unagawanywa kati yao. Mahali pengi hadithi ingeishia hapo, shujaa amekaa. Kwa Wanyanga haiishi. Mwindo anamuua Kirimu, dubwana la msituni, bila kujua kwamba ni rafiki wa Nkuba, Radi. Nkuba anamchukua juu mbinguni, na kwa mwaka mzima Mwindo anapigwa na baridi, na mvua, na jua, mpaka majivuno yamtoke. Anaposhuka ndipo anatawala kwa sheria, na kwanza ya yote amekatazwa kuua wanyama. Mzee Rureke aliisimulia hadithi hiyo mwaka 1956, na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakaichapisha mwaka 1969. Ningependa isomwe katika kila shule ya Maniema, maana inasema wazi kwamba ushindi haumpi mtu haki ya kutawala. Anayempa ni yule aliyeweza kumwambia hapana akanyamaza.

Wa kwanza kuleta kiti kisicho na mtu wa pili katika jimbo letu walitoka mashariki, kwa njia ya Ujiji. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, amesimulia mwenyewe kwa Kiswahili jinsi alivyoupata utawala wa Utetera. Alikuwa amesikia habari za mabinti wa kifalme waliochukuliwa mateka zamani. Akafika kwa mzee Kasongo Rushie akijitambulisha kuwa mjukuu wa mmoja wao. Mzee akafurahi, akamkabidhi nchi, na pembe za ndovu zikaanza kumiminika kwa mtawala mpya. Hakuna aliyeketi kumpima. Hakuna aliyemwambia angoje. Hadithi moja iliyotungwa vizuri ilitosha kuhamisha nchi nzima, na kutoka miji ya Nyangwe na Kasongo misafara ya pembe na watumwa ikaenea msituni. Neno sultani, tunalomwitia chefu wa kimila hadi leo katika Kiswahili chetu, limebaki kinywani tangu enzi zile.

Mwaka 1887, pale Unguja, Tippu Tip huyohuyo alitia sahihi mkataba na Stanley akawa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mwajiri wake alikuwa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Miaka mitano baadaye vita vilizuka kati ya watu wa Leopold na Waarabu na Waungwana wa Maniema, na mwaka 1893 Nyangwe na Kasongo zikaanguka. Mfalme mmoja wa mbali alikuwa amemwondoa mwingine.

Kwa Leopold nataka kukaa zaidi, kwa sababu sijui mfano mwingine duniani unaoonyesha jambo hili kwa uwazi kama yeye. Alikuwa mtu mmoja mwenye nchi mbili. Kule Ubelgiji alirithi kiti mwaka 1865 chini ya katiba ya 1831, na katiba hiyo ilisema kwamba hakuna tendo la mfalme lenye nguvu mpaka waziri alitie sahihi pia, na waziri huyo anajibu mbele ya bunge. Leopold aliichukia hali hiyo. Kwa miaka mingi alitaka sheria mpya ya jeshi, akasihi, akanung'unika, akangoja. Sheria hiyo aliitia sahihi Desemba 1909 akiwa kitandani, siku chache tu kabla ya kufa. Hivyo ndivyo alivyotawala kwao, kwa kungoja.

Sasa tumtazame huku. Mwaka 1885 bunge la Ubelgiji lilimruhusu kuwa mkuu wa dola nyingine, kwa sharti kwamba dola hiyo ni yake binafsi, haihusu Ubelgiji. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo, amri ikatolewa kwamba ardhi zote zilizo tupu ni mali ya dola. Ardhi tupu! Msitu wa Warega, wenye mitego, makaburi, mashamba yaliyopumzishwa na mipaka ya koo inayojulikana hadi kijito cha mwisho, ukawa tupu kwa mstari mmoja wa wino. Kisha yakafuata mambo ya mpira na pembe, na wanawake waliofungwa mateka ili waume zao waende msituni, mpaka kelele za dunia zikamlazimisha kuiachia Ubelgiji nchi hii mwaka 1908. Kongo hakuikanyaga hata siku moja.

Mtu atasema alikuwa mbaya tu. Alikuwa mbaya, sitamtetea. Ila Wabelgiji walitawaliwa na mtu huyohuyo kwa miaka 44 na hakuwakata mikono. Moyo wake haukubadilika alipogeuza uso kutoka Brussels kuelekea Kongo. Kilichobadilika ni sahihi ya pembeni. Na tuangalie kwa makini, maana hapa watu wengi hukosea: amri zake za Kongo nazo zilibeba jina la ofisa chini ya jina lake. Kwa macho zilifanana na sheria za Ubelgiji. Tofauti ni kwamba ofisa yule alikuwa ameajiriwa na Leopold, anaweza kufukuzwa na Leopold kesho asubuhi, na hakuna bunge lililoweza kumwuliza neno. Sahihi ya pili inayotoka kwa mtumishi haimzuii bwana wake.

Kamba hiyo ya sahihi ya waziri humfunga mfalme hata anapotaka kutenda mema, na haki inataka niseme hivyo. Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipokuja Juni 2022, Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu, alitamka majuto makubwa kwa yaliyotendwa, lakini hakuomba radhi. Tume ya bunge la Ubelgiji iliyochunguza historia hiyo ikavunjika Desemba mwaka huohuo bila vyama kukubaliana juu ya neno hilo la radhi. Wengi wetu tuliumia, na mimi nimo. Hata hivyo, naona afadhali mfalme anayecheleweshwa kuomba radhi kuliko mfalme asiyeweza kucheleweshwa kuchukua ardhi.

Ubelgiji iliporithi Kongo, ilihitaji watu wa kukusanya kodi, kutoa vibarua na kutengeneza barabara. Tangu amri ya 1891, dola ilikuwa imeanza kuwatambua machefu, na sheria za 1910 na 1933 zikakamilisha kazi: kila kipande cha nchi kiwe na chefu mmoja, aandikwe kwenye daftari, avishwe medali shingoni. Kwa Bashi, walimkuta mtu tayari. Kwa Warega hawakumkuta. Msimamizi aliyefika kijijini akiuliza nani mkubwa hapa, alijibiwa na watu wengi kwa pamoja, na hilo halikuingia katika fomu yake. Basi akateuliwa mmoja. Mara alikuwa mzee wa heshima, mara mtu aliyejua kuongea na Wazungu, mara kapita, yaani mnyapara, aliyefanya kazi vizuri. Aliyeteuliwa alipewa kitu ambacho kindi hakuwahi kupewa: polisi. Na kodi yake ilikwenda juu, haikugawanywa.

Bwami kiliendelea pembeni, na ndiyo maana kikaogopwa. Wasimamizi walisema kinapoteza mali, kinaharibu maadili, kinaficha uasi. Mwaka 1948 kikapigwa marufuku. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, ingawa vitabu huyasimulia mbalimbali: kiti kiliwekwa, na waliokuwa na uwezo wa kumwambia mwenye kiti angoje wakafanywa wahalifu. Vitu vyao vya kufundishia, vinyago vya lukwakongo na sanamu za pembe, vilianza kuhama kwenda kwa wanunuzi na makumbusho. Leo viko Tervuren karibu na Brussels, viko Los Angeles, vinasifiwa kwa uzuri wake ndani ya vioo. Wanaovitazama wengi hawajui kwamba wanatazama katiba ya nchi.

Kalima nayo ikapata mfalme wake wa pekee, asiye na sura: kampuni. Symétain iliundwa mwaka 1932 kuchimba bati la milima yetu, na mji mzima ukazaliwa kwa ajili yake, kambi, hospitali, shule, umeme wa Lutshurukuru. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Wajapani walipoiteka Malaya na bati lake, kasiterite yetu ikawa ya lazima, na mwaka 1942 siku za kazi za lazima vijijini zikapandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Wazee wanaoitamani enzi ya kampuni hawadanganyi. Mshahara ulifika kwa wakati, posho ilipimwa, na mgonjwa alipata kitanda. Lakini hakuna mtu wa Kalima aliyewahi kuulizwa jambo. Symétain ikamezwa na kampuni ya Sominki mwaka 1976, na soko la bati lilipoporomoka London Oktoba 1985, mji uliofanywa tajiri kwa uamuzi wa wengine ukafanywa maskini kwa uamuzi wa wengine. Kisha ikaja kampuni nyingine, Sakima, na vita, na wachimbaji wadogo wakabaki na koleo zao katika mashimo yaleyale.

Juu ya hayo yote alikaa Mobutu, tangu Novemba 1965 hadi Mei 1997. Ndiye aliyeifanya hoja ya kichwa kimoja kuwa mafundisho ya taifa. Alizoea kusema kwamba desturi ya Kiafrika haijui machefu wawili katika kijiji kimoja, akavaa ngozi ya chui kichwani kuthibitisha. Vijana wa leo wanaorudia hoja hiyo wanadhani wameipokea kwa babu zao, kumbe wameipokea kwa redio ya MPR, chama cha Mobutu. Chui wa Warega hakuwa wa mtu mmoja. Meno yake yalivaliwa na waliopimwa na wenzao miaka mingi, na mwindaji aliyemuua hakujichukulia ngozi. Mobutu alikuwa na mawaziri, alikuwa na kamati kuu, alikuwa na bunge, na wote waliweka sahihi pale alipoonyesha kidole, kwa sababu wote aliwateua yeye. Tulikuwa tumeiona sahihi ya namna hiyo tangu Leopold.

Sasa tuko wapi? Katiba ya 2006, ibara ya 207, inatambua mamlaka ya kimila, na inasema yapatikane kwa kufuata desturi ya mahali, mradi isipingane na sheria. Sheria ya Agosti 25, 2015 imeweka hadhi ya machefu wa kimila. Sheria ya 2008 imezifanya sekta na chefferie, yaani maeneo ya machefu, kuwa vyombo vyenye madaraka na fedha zao. Na Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa chombo cha mahali madini yanapochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo 15 ni yetu. Kwa mji kama Kalima hakuna mistari mingine ya sheria yenye uzito zaidi.

Lakini fedha hizo zinapita mikononi mwa nani, na nani ameziona? Ardhi ya kijiji inapotolewa kwa mchimbaji mkubwa, karatasi hupelekwa kwa mtu mmoja. Anaitwa ofisini, anapewa kiti kizuri, labda bahasha, na muhuri unagongwa. Kijiji kinapata habari siku mashine zinapofika. Nimewasikia masultani wenyewe wakilalamika kwamba walitia sahihi wasichokisoma, na wengine wao nawaamini. Walikuwa peke yao mbele ya watu waliojiandaa. Mzee wa ngandu asingekubali kuwekwa peke yake namna hiyo, si kwa sababu alikuwa mwerevu zaidi, bali kwa sababu hakuwa na haki ya kuwa peke yake.

Na hapa nataka ibara ya 207 isomwe kama ilivyoandikwa. Kama mamlaka ya kimila hufuata desturi ya mahali, basi katika nchi ya Warega desturi haimjui mtu anayeamua peke yake juu ya nchi. Chefu aliyeandikwa kwenye daftari mwaka 1910 au 1933 ni desturi ya Wabelgiji. Sisemi aondolewe. Zimepita karne nzima, familia zake zimekuwa za kwetu, na wengi wao wamewatumikia watu kwa haki. Nasema anapokaa akidai desturi, aipokee desturi nzima, pamoja na wale wanaomwambia angoje.

Bunge la jimbo liko Kindu, na lina uwezo wa kutunga sheria za jimbo. Humo kuna hata machefu walioingizwa kwa kura za wenzao. Wanaweza kuandika kwamba katika Maniema hakuna sahihi ya chefu juu ya ardhi au madini itakayokuwa na nguvu bila sahihi ya baraza la koo zenyewe. Baraza hilo lisiteuliwe na chefu, wala gavana, wala kampuni. Kila ukoo upeleke mtu wake, na nusu yao wawe wanawake waliochaguliwa kwa mwenendo wao, si kwa cheo cha waume zao, maana hapo babu zetu walikosea na sisi tunaweza kusahihisha. Na ile asilimia 15, iliyoingia na iliyotoka, iandikwe ubaoni mbele ya ofisi ya sekta kila baada ya miezi mitatu, kwa Kiswahili na Kirega, na isomwe kwa sauti siku ya soko, wakati wachimbaji wameshuka kutoka mlimani na akina mama wako kwenye meza zao.